Kutoka Mbita hadi Olkaria na Shehena ya Betri Zilizokufa

Njia ni Mbita, Homa Bay, Kisumu, Kakamega, Kericho, Nakuru na Naivasha. Shehena ni betri za lithiamu zilizokwisha kazi: za taa za wavuvi wa omena, za boda za umeme, za simu na za sola za nyumbani. Hakuna mgodi wa lithiamu hata mmoja kwenye njia hii, lakini lithiamu ipo. Tani moja ya seli za LFP, yaani zile za lithiamu, chuma na fosfeti, hubeba kilo 10 hadi 15 za lithiamu. Tani moja ya mwamba wa spodumeni wenye asilimia 1.2 ya oksidi ya lithiamu, ambao mchimbaji yeyote angeufurahia, hubeba kilo 5.6. Kwa hesabu hiyo, gunia la taa mbovu nyuma ya kibanda cha ufuoni lina utajiri karibu maradufu ya mwamba. Tofauti ni kwamba mwamba hauwaki moto ukiwa ndani ya lori.

Siku ya kwanza: Mbita

Ukusanyaji ufuoni hufuata mwezi. Omena huvuliwa usiku wa giza kwa kuvutwa na taa. Mwezi ukiwa mpevu samaki hawafuati mwanga, hivyo mashua hupumzika na taa zote ziko nchi kavu. Ukija wakati wa giza utaambiwa taa ziko majini, na ni kweli.

Kazi ya kwanza ni kuchambua, na huanza kwa mkono. Betri ya risasi na asidi, ile nzito ya volti 6 au 12, inawekwa kando kabisa. Asidi yake ikivuja kwenye pipa la lithiamu inaunganisha ncha za seli na kuanzisha shoti. Zinazobaki zinagawanywa kwa kemia. Penye maandishi, soma volti: 3.2 ni LFP; 3.6 au 3.7 ni za kobalti au nikeli. Maandishi yakiwa yamefutika na seli bado inashika chaji, ichaji kwa chaja ya LFP yenye kikomo cha volti 3.65, kisha iache usiku kucha. LFP hutulia kati ya volti 3.3 na 3.4. Ile ya kobalti hubaki juu kidogo ya hapo, kwa sababu kwake volti 3.65 si kujaa, ni nusu tu ya safari. Usifanye kinyume. LFP ikilazimishwa hadi volti 4.2 inaharibika, hata kama haitaonyesha siku hiyo.

Seli iliyo chini ya volti 2 haichajiwi tena, hata ikibembelezwa. Chini ya hapo shaba ya ndani huanza kuyeyuka, na ukiichaji shaba hiyo hujijenga upya mahali pasipostahili, hadi siku moja inatoboa utando unaotenga pande mbili. Mafundi wengine "huziamsha" kwa kuzigusisha na betri ya gari. Zinaamka, ndiyo, na nyingine huamkia ndani ya nyumba ya mtu usiku.

Lakini usiihukumu seli kabla ya kuangalia tundu la chaji. Taa ya omena hulowa, na mpira wa kuzuia maji ukishachoka, unyevu wa ziwa huingia na kuacha ukungu wa kijani kwenye shaba. Taa imekufa, seli ni nzima. Hizo hazipandi lori. Hukwanguliwa kwa mswaki na spiriti, hubadilishwa tundu, na kurudi kazini.

Kila ncha hufungwa kwa tepu ya umeme, hasa ile chanya. Seli za kawaida hupangwa kwenye mapipa ya chuma ya lita 200 yaliyotandikwa plastiki ndani, tabaka kwa tabaka, na vermikulaiti katikati. Vermikulaiti, chembe za madini zilizofurishwa kwa joto, ni nyepesi na haiwaki. Mchanga nao hauwaki, lakini pipa lililojaa mchanga hufika kilo 300 na kuvunja mgongo wa mtu, kwa hiyo mchanga huachiwa seli zilizovimba peke yake, kwenye ndoo ndogo za chuma. Mchanga wa ufuoni una maji. Ukaange juu ya bati hadi uchuruzike vidoleni, kisha tia konzi moja ndani ya chupa angavu, ifunge na kuianika juani. Ukungu ukijitokeza kwenye kioo, rudisha batini. Kifuniko cha pipa kinaachiwa tundu la kupumulia. Pipa lililozibwa kabisa lenye seli inayotoa gesi ni bomu.

Siku ya pili: Homa Bay, Kendu Bay, Kisumu

Kuna feri ya kuvuka kutoka Mbita hadi Luanda Kotieno, na ingeokoa mwendo mwingi. Mzigo huu haupandi feri yenye abiria. Seli ikishika moto katikati ya maji hakuna pa kuegesha. Lori linazunguka kwa barabara kupitia Homa Bay, Kendu Bay, Katito na Ahero, na linaondoka alfajiri, kwa sababu sanduku la lori lililofungwa kwenye jua la nyanda za ziwa hupata joto ambalo seli iliyochoka haipaswi kuonjeshwa.

Kisumu ndiko kwenye betri kubwa. Kwenye mabanda ya jua kali swali ni lile lile kutoka kwa kila mwenye boda: "Fundi, hii bado iko na chaji?" Fundi anaweka mita kwenye ncha mbili za nje, inasoma volti 0.4, naye anajibu kwamba imekwisha. Hapo ndipo hatari ilipo. Saketi ya ulinzi ikishaona kosa hukata mawasiliano na nje, kwa hiyo mita inapima saketi, haipimi betri. Fungua kasha, weka mita nyuma ya saketi, kwenye nyaya zinazotoka moja kwa moja kwenye seli. Betri ya LFP yenye makundi 20 ya seli kwa mfululizo inaweza kusoma volti 66, na hiyo inatosha kuyeyusha spana. Pete na saa vuliwe kabla ya kufungua kasha. Spana zifungwe tepu mpini wote, ubaki mdomo tu.

Ukishafungua, pima kundi moja moja. Mfano wa kawaida kabisa: 3.28, 3.29, 3.28, 2.11, 3.29, na kuendelea hivyo. Betri nzima imeangushwa na kundi moja. Sababu huwa ni mojawapo kati ya tatu. Ya kwanza ni mtikisiko: ukanda wa nikeli uliochomelewa kwa doti umeachia kwenye seli moja, na wenzake kwenye kundi wanabeba mzigo wake hadi wachoke. Ya pili ni maji ya mashine ya kuoshea pikipiki, yanayopenya kwenye kiungo cha kasha. Ya tatu ni waya mwembamba wa kupimia uliokatika, na hapo seli hazina kosa lolote; saketi tu ndiyo imepofuka.

Makundi mazima yanapimwa ujazo. Chaji hadi volti 3.65 kwa seli, pumzisha saa moja, kisha nyonya kwa mkondo wa nusu ya ujazo ulioandikwa hadi volti 2.5, ukihesabu ampea-saa zilizotoka. Zikibaki asilimia 80 au zaidi, zinarudi kwenye boda pamoja na zenye ujazo unaokaribiana. Kati ya 60 na 80 zinafaa kwa taa na sola, ambako mkondo ni mdogo. Chini ya hapo ni shehena. Wako wanaopitisha za 50 kwa taa. Zinafanya kazi, ila mvuvi atarudi kulalamika kabla ya msimu kuisha.

Betri kubwa haisafirishwi ikiwa na chaji. Kikomo kizuri ni kile cha mizigo ya ndege, asilimia 30, na ikielekea kusagwa inashushwa hadi mwisho. Njia rahisi ni balbu za indiketa za gari, volti 12 wati 21. Saba kwa mfululizo zinamudu betri ya volti 72 iliyojaa hadi 84, na hunyonya ampea 1.75 hivi. Betri ya kilowati-saa 2.9 itachukua karibu siku nzima. Polepole ndiyo salama: balbu zinawaka, unaona kazi ikiendelea, na zikififia unajua umekaribia mwisho. Kutumbukiza betri kwenye ndoo ya maji ya chumvi kunapendwa kwa sababu hakuhitaji akili. Kasoro yake ni kwamba umeme huchambua maji na chumvi, ncha chanya inaliwa na kutu kabla seli haijaisha, na unabaki na seli yenye chaji isiyo na ncha ya kuipimia, ikiwa ndani ya maji yenye sumu.

Makaratasi pia hufungwa Kisumu: leseni ya kusafirisha taka kutoka NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, hati ya kufuatilia mzigo, uzito wa kila pipa, na lebo ya daraja la 9 la bidhaa hatari. Betri zilizo peke yake, nje ya kifaa, zinaandikwa UN 3480. Zilizo ndani ya taa au simu, UN 3481. Ukichanganya hizo mbili kwenye pipa moja, utalipakua lote kwenye ukaguzi wa kwanza.

Siku ya tatu: Kakamega

Betri chache, za simu nyingi kuliko za boda, na kazi inaisha kabla ya saa sita. Kinachochukua muda ni mawe. Kakamega ni nchi ya dhahabu tangu miaka ya 1930, na tangu lithiamu ianze kutajwa redioni kati ya madini ya kimkakati ya Kenya, kila jiwe lenye rangi ya waridi linaletwa likiwa limefungwa gazetini.

Jiwe hupimwa kwa mizani ya jikoni, uzi na ndoo. Lipime hewani, kisha lining'inize ndani ya maji na ulipime tena. Moja la Ikolomani: gramu 480 hewani, 298 majini. Tofauti ni 182. Gawanya 480 kwa 182 unapata 2.64. Hiyo inalingana na kwatzi, jiwe la kawaida lisilo na lithiamu. Spodumeni huanzia 3.1. Tofauti hiyo ya uzito ndiyo viwanda huitumia kwenye hatua ya kwanza: mwamba uliosagwa humwagwa kwenye tope zito la ferosilikoni, kwatzi inaelea, spodumeni inazama, na lengo ni kufikia makinikia ya asilimia 6 ya oksidi ya lithiamu.

Likiwa la zambarau na linabanduka kama kurasa, huenda ni lepidolaiti, jiwe jingine lenye lithiamu. Unga wake kwenye moto wa gesi hutoa mwali mwekundu wa damu. Spodumeni haitoi mwali huo kirahisi, kwa hiyo mwali ukikosekana haujakanusha kitu. Na mwali ukionekana haujathibitisha kila kitu pia, maana strontiamu huwaka nyekundu vile vile. Mwenye jiwe la Ikolomani alilirudisha gazetini bila kuamini, na hana wa kumlaumu kwa hilo.

Siku ya nne: Kericho, Mau Summit, Nakuru

Ni siku ya barabara. Kisumu iko mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Mau Summit iko juu ya mita 2,500. Mgandamizo wa hewa unashuka kwa karibu moja ya sita, na gesi iliyomo kwenye seli laini iliyovimba inapanuka kwa zaidi kidogo ya hapo. Seli iliyokuwa imevimba kidogo Kakamega inafika Londiani imekaza kama ngoma. Ndiyo maana ndoo za zilizovimba hazijazwi hadi juu.

Baridi ya Mau ina neno lake. Mapipa yalifungwa kwenye hewa ya ziwa, yenye unyevu. Yakipoa, unyevu huo unageuka matone kwenye chuma cha ndani. Plastiki ya kutandika ina kazi hiyo, na pakiti za jeli kavu chini ya kifuniko husaidia.

Joto la mapipa hupimwa kila kituo kwa kipimajoto cha kulenga, si kile cha paji la uso kilichobaki tangu korona, ambacho kimetengenezwa kwa joto la mwili wa binadamu tu. Chuma kinachong'aa hudanganya kipimo: husoma chini ya ukweli. Bandika kipande cha tepu nyeusi kwenye kila pipa, kwa urefu ule ule, na ulenge hapo. Pipa likizidi wenzake kwa nyuzi 5, dere anaegesha mbali na watu na pipa linashushwa. Usisubiri moshi. Moshi mweupe unaotoka kwenye seli ni mvuke unaoweza kuwaka, wenye haidrojeni floraidi ndani yake, na hiyo ni asidi inayoshambulia mapafu.

Moto ukitokea, ni maji, mengi na kwa muda mrefu. Kizima-moto cha unga huua mwali lakini hakipoozi, na baada ya dakika chache seli ya jirani inaanza yake. Imani kwamba lithiamu hulipuka ikikutana na maji inahusu lithiamu ya chuma tupu, ile ya betri za kutumia mara moja. Betri za shehena hii hazina chuma hicho kwa kiasi cha kutisha.

Sachangwan na Salgaa zinashukwa kwa gia, bila haraka. Lori la mafuta lililoanguka Sachangwan mwaka 2009 liliua zaidi ya watu mia moja waliokuwa wamesogea. Mzigo ukiwaka, jambo la kwanza ni kuwasukuma watu nyuma, maji yanafuata.

Siku ya tano: Nakuru

Hapa mzigo unaacha kuwa betri. Seli zilizoisha chaji kabisa husagwa kwenye mashine iliyojazwa naitrojeni, hukaushwa, huchekechwa. Shaba na alumini hubaki juu ya chekecheke. Chini hupita unga mweusi, mchanganyiko wa LFP na grafiti.

Mwamba usingepata nafuu hii. Spodumeni ghafi haigusiki na asidi. Lazima ipikwe kwenye tanuru la kuzunguka, nyuzi 1,050 au zaidi, hadi umbo lake la ndani lifunguke, kisha ichomwe tena na asidi kali ya salfuriki kwenye nyuzi 250. Unga wa betri hauhitaji tanuru kabisa.

Kwa kila kilo ya LFP iliyomo kwenye unga, hesabu ya kemia ni gramu 311 za asidi ya salfuriki na gramu 108 za haidrojeni peroksaidi halisi, ambayo ni gramu 360 za ile ya asilimia 30. Peroksaidi hugeuza chuma kuwa fosfeti isiyoyeyuka, na lithiamu peke yake inatoka kwenda majini. Kuna makosa mawili yanayorudiwa kila mahali. Ukizidisha asidi ili kuharakisha, chuma nacho kinayeyuka na umepoteza faida yote. Ukimwaga peroksaidi kwa mkupuo, joto linapanda, inavunjika kuwa oksijeni, chombo kinafura povu, na dawa imeisha bila kazi. Itiwe kidogo kidogo, chombo kikiwa na theluthi moja tu ya ujazo. Alumini iliyopenya kwenye unga hutoa haidrojeni, hivyo madirisha wazi na hakuna kiberiti.

Chuja. Pandisha pH, yaani punguza uasidi, kwa soda kali ili mabaki ya chuma, alumini na shaba yaanguke, chuja tena. Kisha vukiza maji, na hii ndiyo hatua inayorukwa na wenye haraka. Kaboneti ya lithiamu huyeyuka gramu 13.3 kwa lita kwenye nyuzi 20, na gramu 7.2 kwenye nyuzi 100. Kinyume na sukari, moto unaipunguza majini. Hata kwenye maji yanayochemka, gramu 7.2 hizo ni gramu 1.35 za lithiamu. Ukiwa na mchuzi wa gramu 3 kwa lita, karibu nusu ya mali inaweza kubaki kwenye maji unayomwaga. Ukikoleza hadi gramu 20, kinachobaki ni kidogo.

Ndipo kaboneti ya sodiamu inaingia, gramu 336 kwa kila kilo ya LFP ya mwanzo, kwenye nyuzi 90 hadi 95. Kipeo cha mavuno ni gramu 234 za unga mweupe. Kenya haina lithiamu ya mgodini lakini kaboneti ya sodiamu tunayo, Ziwa Magadi. Ila magadi ya sokoni, yale ya kulainishia mboga na maharagwe, hayafai. Sehemu yake kubwa ni bikaboneti, ambayo huiweka lithiamu ikiwa imeyeyuka hadi uchemshe gesi yote itoke, na ina chumvi na floraidi ambavyo vitaishia kwenye unga. Kiwanda cha betri kinataka usafi wa asilimia 99.5. Tumia iliyosafishwa, na osha unga kwa maji moto. Maji baridi yatakula mavuno mbele ya macho yako.

Siku ya sita: Naivasha na Olkaria

Swali la Olkaria, kwenye mitambo ya umeme wa mvuke wa ardhini, huulizwa na kila anayesikia neno lithiamu: maji ya mvuke si yana madini? Yana. Mitambo ya kwanza ilianza 1981, na maji yanayobaki baada ya mvuke kutengwa hurudishwa ardhini kila siku. Kwa bahati mbaya, maji ya eneo hili ni mepesi. Chukua hesabu ya miligramu 2 za lithiamu kwa lita. Tani moja ya kaboneti ina kilo 188 za lithiamu, kwa hiyo unahitaji mita za ujazo 94,000 za maji, na hapo umekamata kila chembe. Maji moto ya chini ya ardhi ya Salton Sea kule California, yenye miligramu 200, yangehitaji 940. Ya Atacama kule Chile, yenye 1,500, ni 125 tu.

Halafu kuna silika. Kwenye nyuzi 100 maji hubeba miligramu 360 hivi za silika kwa lita. Kwenye nyuzi 25 hubeba 120. Ukiyapoza ili uyapitishe kwenye vichujio vya kukamata lithiamu, silika inaanguka na kuvipaka ganda gumu kama la ndani ya birika. Vichujio vya alumini vinavyotumika Argentina tangu miaka ya 1990 vina ugumu mwingine: hushika lithiamu kwenye maji ya chumvi kali na kuiachia kwenye maji matamu. Maji ya Olkaria, kwa wepesi wake, yanafanana zaidi na yale ya kuachilia.

Mzigo wenyewe unaishia bandari kavu ya Naivasha. Unga mweusi ambao haujageuzwa kaboneti, ukivuka mpaka, kwa kawaida huhesabiwa taka hatari, na Mkataba wa Basel unataka idhini ya maandishi ya nchi inayopokea na za kupitia kabla kontena halijafungwa, siyo baada. Wanunuzi hulipa kwa nikeli na kobalti. LFP haina vyote viwili, kwa hiyo pipa la betri za simu hubeba bei na mapipa ya taa za omena hubebwa nayo. Kuyachanganya ili kuficha hakusaidii, kwa sababu sampuli huchukuliwa kwa bomba kutoka juu hadi chini ya pipa. Pipa lenye unyevu unaozidi kiasi cha mkataba hukatwa bei au hurudishwa, na la kurudishwa linakaushwa Nakuru na kupimwa upya kabla ya kupanda lori linalofuata.